Kila "and" Ina Kazi Yake

Kijana mmoja kutoka Kakola alinijia Jumamosi na karatasi mbili alizozikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko. "Mwalimu, shikamoo. Nimeambiwa maelezo yangu hayaeleweki." Nikamkaribisha kwenye benchi nje ya steshenari pale Kahama, ninapokaa mwisho wa wiki kuwasomea watu barua zao, nikazifungua karatasi. Ilikuwa taarifa ya ajali aliyoiandika kwa Kiingereza. Kisa chenyewe kilikaa chote kwenye sentensi moja:

"The machine stopped and I removed the cover and I was cleaning the belt and my hand was caught and the supervisor switched on the machine and I shouted and they took me to hospital."

Nilimwomba aiweke karatasi pembeni anisimulie kwa mdomo. "Mashine ilisimama, nikafungua kava, nikawa nasafisha mkanda. Msimamizi akawasha bila kuniambia, mkono ukanaswa, nikapiga kelele, wakanikimbiza hospitali." Sikuhitaji swali hata moja. Nilijua nani aliwasha, aliwasha wakati gani, na kwa nini mkono ulinaswa. Sasa soma tena ule Kiingereza. Mkono unanaswa kwanza, halafu msimamizi anawasha mashine. Mtu wa ofisini aliyeipokea karatasi alikuwa na haki ya kuuliza: mkono ulinaswaje na mashine imezimwa? Kijana hakudanganya. Alipokuwa anaandika alimkumbuka msimamizi akiwa amechelewa kidogo, akamchomeka kwa "and", akiamini ile "and" itampeleka mahali pake. "And" haijui kumpeleka mtu mahali pake. Inamwacha pale pale ulipomshusha.

Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari mkoani Shinyanga kwa muda mrefu, na kosa hili nimekutana nalo zaidi ya makosa ya tahajia, zaidi hata ya kuchanganya "he" na "she". Linawagusa watu wengi wa ukanda huu. Tangu mgodi wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka uliofuata, vijana wetu wamekuwa wakiandika barua za kazi, taarifa za zamu na maelezo ya ajali kwa Kiingereza walichokiacha kidato cha nne. Kwenye almasi ya Mwadui walianza mapema zaidi, tangu mwanajiolojia John Williamson alipoigundua mwaka 1940. Kwa hiyo ninachokieleza hapa si cha mtihani peke yake. Kuna fidia ya mtu, mgao wa mtu na ajira ya mtu ndani yake.

Chanzo cha hizi "and" nyingi ni kitu kizuri tulicho nacho: kiambishi -ka-. Mswahili akishasema kitenzi cha kwanza kwa -li-, vinavyofuata vinapanda gari lile lile: akafika, akaona, akachukua, akaondoka. Hiyo -ka- inabeba wakati uliopita bila kuutaja tena. Inabeba mfuatano, kwamba hili limetangulia na hili limefuata. Na mara nyingi inabeba sababu pia, bila kelele. Ukisema "msimamizi akawasha, mkono ukanaswa", hakuna msikilizaji wa Kahama wala wa Kigoma atakayeuliza kama mambo hayo mawili yana uhusiano. Tatizo ni kwamba tunapovuka kwenda kwenye Kiingereza, kila -ka- tunaigeuza kuwa "and", na "and" haina nguvu hizo. Kazi yake ni kuunga tu. Mfuatano na sababu vinadondoka njiani kama mzigo uliopakiwa bila kamba.

Kiingereza kimeviweka vitu hivyo kwenye maneno mengine. Wakati kimeuweka kwenye "when", "before", "after", "while" na "until". Sababu iko kwenye "because" na "so". Maelezo ya ziada kuhusu mtu yanaingia kwa "who", na kuhusu kitu kwa "which" au "that", kama virejeshi vyetu. Mwandishi wa Kiingereza anapaswa kuchagua mwenyewe, kila anapounga, kile ambacho sisi -ka- inatufanyia bure.

Basi fanya hivi. Andika kisa chako kwanza kwa Kiswahili, kama unavyomsimulia mama yako. Chukua penseli, zungushia duara kila -ka-. Kisha uliza kila duara swali moja: hapa ni wakati, ni sababu, au kweli ni "na" tupu? Pale penye wakati andika juu yake "when" au "after", penye sababu "because" au "so". Wanafunzi wangu wakifanya hivyo kwa uaminifu, kati ya -ka- sita au saba huwa inabaki moja au mbili inayostahili kuwa "and". Ukishazoea, penseli utaiacha.

Nikuonyeshe kwenye barua ya kazi, maana hizo ndizo ninazoletewa zaidi. Hii niliitunga kwa kufuata zile ninazozisoma: "I completed Form Four in 2019 and I worked at a crusher in Katoro and I have a driving licence and I am asking for a job." Sarufi yake haina kosa kubwa. Lakini mambo manne yamepangwa kwenye mstari kama mawe yanayosubiri karasha, yote yana uzito mmoja, na msomaji haoni lipi linamhusu. Jaribu hivi: "After completing Form Four in 2019, I worked for three years at a crusher in Katoro. I hold a driving licence, and I would like to apply for the post of plant operator."

Umeona ile miaka mitatu imetoka wapi? Kwenye barua ya kwanza haikuwepo. Nilipoiondoa "and" kati ya kumaliza shule na kufanya kazi, pengo likaonekana, na pengo likadai kujazwa: ulifanya kazi muda gani? Vivyo hivyo na ile nafasi ya kazi. Aliyeandika "and I am asking for a job" hakulazimika kusema kazi ipi. Hili ndilo linalonifanya nisisitize kiasi hiki. "And" inafunika mashimo, na wewe mwenyewe unayeandika unaweza kupita juu yake usijue kwamba kuna habari muhimu hujaitoa.

Tahadhari moja mtu anapoanza kutumia "after" ya namna hii. Wa kumaliza shule na wa kufanya kazi lazima awe yule yule. Ukiandika "After completing Form Four, a company in Katoro employed me", umesema kampuni ndiyo iliyomaliza kidato cha nne. Sema "After completing Form Four, I was employed by a company in Katoro", au rudisha mtendaji: "After I completed Form Four".

Orodha ya vitu nitaipitia haraka. Kwetu mtu anaweza kusema unga na mchele na maharage na sukari, na haisikiki vibaya. Kiingereza cha ofisini kinaweka mkato baina ya vitu na "and" moja kabla ya kile cha mwisho: "a helmet, boots, gloves and a torch". Ila usiifanye kuwa amri ya kufuta "and" zote, kwa sababu kuna orodha ambazo vitu vyake vyenyewe ni viwiliviwili. "I have worked in drilling and blasting, loading and hauling, and crushing." Hapo "and" zipo tatu, na zote tatu zina kazi. Mbili zinafunga jozi, kwa sababu kuchoronga na kulipua ni idara moja, kupakia na kusomba ni nyingine. Ya tatu, yenye mkato mbele yake, inafunga orodha nzima. Ukiifuta yoyote, umemnyima mtu cheo au umemwongezea.

Kuna wanaofikiri mkato na kiunganishi ni mambo ya walimu. Wawaulize madereva wa maziwa wa jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo lao ilitaja kazi zisizolipwa saa za ziada, zinazohusu vyakula vinavyoharibika, na orodha iliishia hivi: "storing, packing for shipment or distribution". Kuhifadhi, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Madereva walikuwa wanasambaza, hawafungashi. Kampuni yao, Oakhurst Dairy, ikasema "distribution" ni kazi ya pekee, ya mwisho kwenye orodha, hivyo madereva hawadai kitu. Madereva wakasema hapana: "packing for shipment or distribution" yote ni kazi moja, kufungasha, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza. Kampuni ikawajibu kwamba kama ni hivyo, kiunganishi cha kufunga orodha kiko wapi, mbona hakuna "or" kabla ya "packing"? Mwaka 2017 mahakama ya rufani ilikubali kwamba maneno hayo hayako wazi, na kwa kuwa sheria za mishahara za Maine zikiwa na utata husomwa kwa kumnufaisha mfanyakazi, kesi ya madereva ikasimama. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 kumaliza shauri. Aliyeandika sheria angerudia "or" moja tu, "storing, or packing for shipment or distribution", kusingekuwa na ubishi. Kurudia kiunganishi mahali pake ni uangalifu, na huko Maine kukosekana kwake kuligharimu mamilioni.

Kwetu hasara ya namna hii inaingia kupitia mgao wa mawe kwa wachimbaji wadogo. Tuseme mkataba wa duara, yaani shimo la kuchimbia, unasema: "The licence holder and the pit owner shall receive 30 percent of the bags." Mwenye leseni na mwenye duara watapata asilimia 30 ya viroba. Kila mmoja 30, au wote wawili wagawane hiyo 30? Siku ya kusainiana, mawe hayajatoka, kila mtu anasikia anachokipenda na wanapeana mikono. Siku viroba vinapopangwa kwenye mgao ndipo "and" inapowakalisha watu kwa mwenyekiti wa kijiji. Neno la kuongeza ni dogo. Kama ni kila mmoja, "shall each receive". Kama ni kwa pamoja, "shall together receive". Na usiruhusu mtu akuwekee ile "and/or" yenye mkwaju katikati kwa sababu inaonekana ya kisheria. Andika "the pit owner, the licence holder, or both", kila mtu aelewe.

Na kwa kweli, kama pande zote mbili mnazungumza Kiswahili, kwa nini mkataba wenu uwe wa Kiingereza? Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Uandikeni kwa lugha mnayogombania nayo. Ila mkumbuke kuwa "na" yetu ina utata ule ule, na "kila mmoja" au "kwa pamoja" lazima liwemo.

"Na" yetu ina jambo jingine linalowaumiza wanaoanza. Ni neno moja lenye kazi nyingi, na "and" ni mojawapo tu. "Nilikwenda na kaka yangu" ni "I went with my brother". "Alipigwa na jiwe" ni "He was hit by a stone". "Nina watoto wawili" ina "na" iliyojificha ndani, na Kiingereza chake ni "have". "Karibu na mwalo" ni "near the washing site", bila kiunganishi chochote. Kabla hujaandika "and", geuza sentensi yako kichwani: je, pande mbili za "na" zinaweza kubadilishana nafasi bila maana kuharibika? "Mama na baba" zinabadilishana. "Alipigwa na jiwe" haibadilishwi, basi hiyo si "and".

Ninapofika kwenye makatazo naomba msome polepole, hasa ninyi mnaoandika vibao vya usalama kwenye maduara na mitambo ya kuchenjulia. Nimekiona kibao karibu na stoo ya baruti kilichoandikwa "Do not smoke and use a phone". Aliyeandika alikusudia kukataza yote mawili. Lakini kwa Kiingereza sentensi hiyo inaweza kusomwa kwamba kinachokatazwa ni kuyafanya yote mawili pamoja, na mwenye sigara peke yake akajiona hana kosa. Neno linalotakiwa ni "or": "Do not smoke or use a phone." Najua kwa nini tunaliogopa. Masikioni mwetu "or" ni "au", na "au" ni kuchagua, kwa hiyo tunahisi tumempa mtu ruhusa ya kuchagua katazo moja. Katika Kiingereza, "or" ikitanguliwa na "not" inafanya kazi ya "wala". Usivute sigara wala usitumie simu. Kila unaposikia "wala" kichwani, andika "or". Na kwenye kibao mimi ningeacha kiunganishi kabisa nikaandika sentensi mbili fupi, "No smoking. No phones.", na juu yake nikaweka Kiswahili kwa herufi kubwa zaidi, maana wengi wanaopita hapo ndicho wanachosoma.

"Ingawa... lakini" haihitaji maneno mengi. Kwetu mtu anasema "Ingawa sina cheti, lakini nina uzoefu" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakitaki viunganishi viwili kwa kazi moja. "Although I have no certificate, I have experience", au "I have no certificate, but I have experience". Chagua kimoja. Kadhalika "because" na "so": ukiwa na "because" mwanzoni mwa sentensi, usiongeze "so" katikati.

Upo urudiaji ambao ningependa muuongeze, na huo ni wa "that". Linganisha hizi mbili. "The foreman said that the shaft was wet and nobody went down." "The foreman said that the shaft was wet and that nobody went down." Katika ya kwanza hatujui kama kutoshuka kwa watu ni jambo lililotokea kweli au ni maneno ya foromani tu. Katika ya pili, "that" ya pili inatuambia: haya pia kayasema yeye. Kwenye taarifa ya ajali, ambako kesho mtu atakuuliza uliona au uliambiwa, "that" hiyo moja ni kinga yako. Usihurumie wino.

Wanafunzi werevu huniuliza, na wana haki: mbona Biblia ya Kiingereza imejaa "and"? Ni kweli. Tafsiri ya mwaka 1611 imeanza karibu kila aya ya sura ya kwanza ya Mwanzo kwa "And", kwa sababu wafasiri waliufuata Kiebrania, ambacho huunganisha masimulizi kwa kiambishi kidogo mbele ya kitenzi. Biblia yetu ya Kiswahili, ilipofika pale pale, iliweka -ka-. Kwa hiyo ile "And" ya Mwanzo na -ka- yetu ni ndugu, na mimi hufurahi kila ninapowaonyesha watoto jambo hilo, maana linawaonyesha kwamba wanachokisikia masikioni mwao kina heshima yake. Naye Ernest Hemingway, aliyekuja kuwinda Tanganyika mwaka 1933, alimwambia mwandishi Lillian Ross, katika makala iliyochapishwa mwaka 1950, kwamba mwanzoni mwa riwaya yake A Farewell to Arms alirudia "and" kwa kukusudia, jinsi Bach alivyorudia noti katika muziki. Ukiwa unaandika wasifu wa marehemu, au barua kwa mtu unayempenda, na unataka mambo yamiminike moja juu ya jingine bila kupumua, rudia "and" kwa moyo mmoja. Tofauti iko kwenye kukusudia. Hemingway alijua kila "and" yake imekaa pale kwa nini. Taarifa ya ajali haihitaji muziki.

Turudi kwa kijana wa Kakola. Nilimpa penseli, akazungushia duara zake juu ya karatasi mpya tuliyoandika kisa chake kwa Kiswahili. Alipofika kwenye "akawasha" alisimama. Nikamuuliza: wakati anawasha, wewe ulikuwa unafanya nini? "Nasafisha mkanda." Basi hiyo ni "while". Akataka kuandika kwamba msimamizi aliwasha "without checking". Nikamuuliza kama alimwona hakuangalia. Akafikiri. Hakumwona, alikuwa amempa mgongo. Alichokijua ni kwamba hakuambiwa. Tukaandika alichokijua:

"The machine stopped. I removed the cover and started cleaning the belt. While I was cleaning, the supervisor switched on the machine without telling me, and my hand was caught. I shouted. The machine was switched off, and I was taken to hospital."

"And" zimebaki tatu. Aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akaniuliza kama ile ya katikati, "and my hand was caught", isingekuwa bora iwe "so". Nikamwambia inaweza, zote mbili ni sahihi, achague yeye aliyekuwepo. Akakaa nayo kidogo, akaifuta, akaandika "so". Kwa kuwa mkono wa kushoto haukuweza kushika kitu, mimi ndiye niliyemshikia karatasi isipeperuke wakati anainakili kwa kalamu.